Kabla Hujaomba Udaktari, Angalia Namba ya Simu Uliyoandika

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, steshenari za kuzunguka stendi ya Moshi zinageuka ofisi za udahili. Mzazi ameshika bahasha ya kaki, mtoto yuko kambini JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na anayejaza maombi ni kijana wa kompyuta ambaye hajawahi kumwona huyo anayeombewa. Kazi hiyo ya kompyuta ndiyo yangu, kwa hiyo ninayoandika hapa ni yale ninayoyaona msimu hadi msimu. Mengi ni ya kawaida, nitayapita haraka.

Anza na masomo. Shahada ya udaktari wa binadamu inataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu, na siyo kwa alama ya S. Uliyesoma CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, huna Fizikia, usipoteze ada ya maombi. Tafuta kozi nyingine ya afya inayokupokea na uiombe mapema kabla nayo haijajaa. Uliyetoka stashahada ya utabibu, hesabu GPA yako, isipungue 3.0, kisha rudi kwenye cheti cha kidato cha nne uone kama Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza vyote vimefaulu. Watu wana GPA nzuri kabisa halafu wanakwama kwa F ya Hisabati ya miaka sita iliyopita. Na AVN, namba ya kuhakiki stashahada inayotolewa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, iombe mapema, usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe.

Soma kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cha mwaka huu, siyo kile alichopakua kaka yako. Vigezo vilivyoandikwa humo ni tiketi ya kupanga foleni, siyo kiti. Udaktari ndio wanaoutaka karibu wote waliosoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na chuo kinachukua wenye alama za juu kwanza. Kwa hiyo ukiwa na alama za kuvukia tu, usiweke vyuo vitatu vikubwa ukakaa ukisubiri. Weka kimoja unachokitamani na vingine ambavyo una uhakika navyo. Omba awamu ya kwanza; anayesubiri ya pili mara nyingi anakuta mabaki.

Kuhusu chuo chenyewe, watu wa huku tuna ugonjwa mmoja: KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi yenye chuo chake, au basi. Ninaelewa. Hospitali imekuwepo tangu 1971, chuo cha udaktari tangu 1997, na mtoto anaweza kula nyumbani. Hata wa Arusha anahesabu kilomita themanini, anaona kama amebaki kwao. Ni chuo kizuri. Lakini ni cha kanisa, na ada ya vyuo visivyo vya serikali haifanani na ya Muhimbili au UDOM. Tofauti hiyo utaibeba miaka mitano. Kwa hiyo fungua ukurasa wa ada kabla hujafungua ukurasa wa maombi. Bugando kule Mwanza na Kairuki kule Dar nako ni vilevile, uliza ada kwanza.

Swali jingine ambalo mzazi haulizi: wanafunzi wanajifunzia hospitali gani? Udaktari hausomwi darasani peke yake. Kuanzia miaka ya katikati mwanafunzi anashinda wodini, na hospitali ikiwa ndogo au ya kuazima, wanafunzi kumi wanazunguka kitanda kimoja na wa nyuma anaona mgongo wa mwenzake. Tafuta mtu wa mwaka wa tatu au wa nne wa chuo hicho umuulize hilo, usimuulize wa mwaka wa kwanza, yeye bado anashangaa majengo. Hakikisha pia kozi yenyewe ina kibali mwaka huu. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na kuna watu walikuwa wameshapanga safari.

Sasa namba ya simu. Hapa nitakaa kidogo.

Tangu mwaka huohuo wa 2017 TCU haikupangii chuo. Unaomba moja kwa moja kwenye kila chuo unachokitaka, kila kimoja na akaunti yake. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja anaweza kuchaguliwa vyuo viwili au vitatu. Akichaguliwa hivyo, anatumiwa namba ya siri kwenye simu au barua pepe aliyojazia maombi, na kwa namba hiyo anathibitisha chuo kimoja ndani ya siku chache zilizotangazwa.

Kulikuwa na binti wa Kibosho, PCB, matokeo ya kupendeza. Yeye alikuwa kambini, JKT kwa mujibu wa sheria, na huko huwezi kushinda na simu. Baba yake akashuka mjini na vyeti, akaingia steshenari moja, kijana akamjazia vyuo vitatu. Sehemu ya simu kijana akaweka namba yake mwenyewe, ili ujumbe ukija aushughulikie haraka, hivyo ndivyo alivyomwambia mzee. Barua pepe akatumia ya kwake. Nywila zikaandikwa kwenye daftari la dukani. Mzee akalipa, akashukuru, akapanda gari.

Binti akarudi, majina yakatoka, jirani akamwonyesha kwenye simu: jina lake lipo kwenye orodha ya waliochaguliwa zaidi ya chuo kimoja. Nyumbani ikawa furaha. Vyuo viwili! Wakawa wanabishana aende kipi, shangazi anataka Moshi, baba anataka cha serikali, kana kwamba siku ya kuripoti ndiyo siku ya kuchagua. Hakuna aliyewaambia kwamba aliyechaguliwa viwili hana hata kimoja mpaka athibitishe.

Walipofika kwenye meza yangu dirisha lilikuwa linakaribia kufungwa. Nikamuuliza namba ya siri, akanitazama. Tukapiga ile simu ya kijana: haipatikani. Tukaenda kule steshenari, tukaambiwa kijana ameacha kazi, yuko Dar, daftari halionekani. Mfumo una njia ya kuomba utumiwe namba upya, lakini lazima uingie kwenye akaunti, na nywila hatuna. Kubadilisha nywila, ujumbe unakwenda kwenye barua pepe, na barua pepe ni ya kijana. Kila mlango tuliogonga ulifunguka kwake. Tukapiga simu vyuoni; kimoja hakikupokea, kingine kikataka barua na vitambulisho, navyo tukavituma. Jibu lilikuja siku zimekwisha. Awamu iliyofuata udaktari ulikuwa umejaa kote alikotaka, akakaa nyumbani mwaka mzima na yale matokeo yake.

Kwa hiyo kabla mtoto hajaenda kambini, kaeni mezani mkubaliane namba. Kama hana namba wala kitambulisho cha NIDA hawezi kusajili laini yake, basi tumieni ya mama au baba, ile ambayo haizimwi na haibadilishwi, siyo laini ya zamani iliyolala kabatini, kwa sababu laini isiyotumika kampuni huifunga. Fungua barua pepe ya mwombaji mwenyewe. Andika nywila zote kwenye karatasi na uiweke kwenye bahasha ya vyeti. Na anayekujazia, awe mimi au mwingine, mwambie akugeuzie kioo usome namba kabla hajabonyeza kutuma. Akikasirika, chukua vyeti vyako uondoke. Mji huu una steshenari nyingi.

Mkopo unaombwa pembeni, Bodi ya Mikopo. Kuchaguliwa chuo siyo kupata mkopo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA kabla ya msimu, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho. Linganisha majina. Cheti kimoja kina jina la ubatizo, kingine kina jina la babu, na ukoo umeandikwa kwa herufi mbili tofauti. Hilo linarekebishwa kwa wakili, siyo kwa maelezo marefu dirishani. Fomu inataka saini ya serikali ya mtaa au kijiji na ya mdhamini, na mwenyekiti wako anaweza kuwa msibani siku ya mwisho. Waliofaulu kwa alama za juu kabisa waangalie ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023. Wengine wajue kwamba mkopo unarudishwa kwa asilimia 15 ya mshahara, kila mwezi.

Nje ya nchi, mawakala watakufuata hadi Arusha hotelini na vipeperushi vya China, India na Urusi. Usiwafukuze, waulize. Chuo kinatambuliwa na TCU? Utapewaje barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi kabla ya kuondoka? Ukirudi, Baraza la Madaktari Tanganyika litakupa mtihani kabla ya mwaka wa mafunzo kazini, je, waliotangulia wa chuo hicho wanaufaulu? Jibu likiwa ni tabasamu, funga bahasha. Na kumbuka kwamba vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, Watanzania waliokuwa wakisoma huko ilibidi wakimbie katikati ya masomo.

Mengine ni ya mtu yeyote anayeomba chuo. Tunza risiti. Piga picha kila ukurasa uliotuma. Usisafiri na vyeti halisi kwenye buti la basi. Usilipie hosteli ambayo hakuna aliyeiona. Na msimu huu utapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, anajua jina lako na kozi yako, anasema nafasi moja ya udaktari imebaki na yeye ana mtu ndani. Chuo kinalipwa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo. Ukiambiwa tuma kwenye simu ya mtu, kata.