Namna ya Kumjibu Aliyeacha Kuamini kwa Sababu ya Msiba

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzee wa kanisa, kiongozi wa jumuiya au ndugu yeyote ambaye mtu wake wa karibu amemwambia, "Mimi siamini tena kwamba Mungu yupo." Kabla ya kujibu, tambua kauli hiyo imetoka wapi. Wapo walioifikia kwa kusoma na kufikiri. Nchini Kenya watu wa namna hiyo wana chama chao kilichosajiliwa mwaka 2016, nao hawapendi kuhurumiwa kana kwamba wanaumwa. Wapo wengine ambao kauli hiyo ni kilio cha mzazi aliyemzika mtoto. Wa kwanza anastahili hoja. Huyu wa pili ndiye ninayemzungumzia hapa, kwa kuwa ndiye tunayemkosea mara nyingi zaidi.

Anza kwa kukaa naye. Marafiki watatu wa Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na kwa maoni yangu hilo ndilo jema pekee walilomtendea. Walipoanza kumweleza sababu za mateso yake waliharibu, hata Mungu akawaambia mwishoni (Ayubu 42:7) kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu, yule yule aliyekuwa akilalamika. Kwa hiyo usiwe mwepesi wa kusema "kazi ya Mungu haina makosa". Sina ugomvi na msemo wenyewe, ila mfiwa anayeambiwa hivyo kabla kaburi halijakauka husikia kwamba amekatazwa kulia. Zaburi 14, inayomwita mpumbavu asemaye hakuna Mungu, nayo isitajwe kabisa katika siku hizo.

Uangalie pia mwili wake. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha mara ya pili. Peleka chakula, fua nguo, wapeleke watoto shuleni. Akitaja kwamba hataki kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake, na umfikishe hospitalini siku hiyo hiyo. Kumwombea na kumpeleka kwa daktari ni mambo yanayokwenda pamoja.

Akiwa tayari kusikiliza, msomee Zaburi 88 polepole bila kuifafanua. Zaburi hiyo haina mstari wa faraja mwishoni. Inaishia gizani, na bado imo katika Maandiko, tena imeelekezwa kwa Mungu. Msomee kisha mwanzo wa Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha", maneno ambayo Yesu aliyalia msalabani (Marko 15:34). Hapa ndipo penye kiini cha jibu letu. Hatuna maelezo ya kwa nini mtoto yule amekufa, na tukiulizwa tuseme hatujui. Tunachokiri ni kwamba Mungu aliingia katika kifo chenyewe, akauliza swali lile lile analouliza mfiwa, na siku ya tatu kaburi likawa tupu.

Huenda baada ya miezi kadhaa akauliza tutajuaje kwamba hayo ni kweli. Swali hilo ni dalili njema, kwa hiyo lijibu kwa uzito wake. Fungua 1 Wakorintho 15, waraka ulioandikwa karibu mwaka 55, ambamo Paulo anawataja mashahidi, wakiwamo ndugu zaidi ya 500, na kusema wengi wao bado wako hai. Yaani msomaji wa wakati ule angeweza kwenda kuwauliza. Paulo huyo huyo anakubali kwamba kama Kristo hakufufuka, mahubiri yake ni bure. Mwenye shaka huheshimu imani inayokubali kupimwa hivyo, hasa akijibiwa kwa upole unaoagizwa na 1 Petro 3:15.

Usimlazimishe kuomba. Akitaka maneno, mpe yale ya baba wa Marko 9:24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu alimponya mtoto wa mtu huyo bila kumtaka kwanza aondoe shaka yake. Na kwa kuwa wageni wengi huacha kuja baada ya arobaini, andika katika kalenda yako tarehe ya kifo na siku ya kuzaliwa ya marehemu, ili siku hizo umtembelee au angalau umpigie simu.