Namna ya kusikiliza maonyesho ya zamani ya vikosi vya ngoma na baragumu

Mume wangu alibeba baragumu la besi begani ujana wake wote, katika kikosi kimoja cha Marekani ambacho sasa hakipo. Kikosi cha namna hii ni kundi la vijana wanaopiga shaba na ngoma na kupeperusha bendera huku wakitembea kwa gwaride kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani, wakishindana na wenzao. Mimi nilikuwa mtu wa majukwaani tu, mpenzi wa muziki niliyenaswa na vikosi hivi na sijanasuka. Vijana wanaopiga kwenye vikosi vya leo wakitutembelea huniuliza: mama, hizi rekodi za zamani mnazipendea nini? Wao hufungua video ya mwaka 1978, wakaona picha ya ukungu na watu wanaotembea kwa mistari iliyonyooka, wakaifunga kabla haijafika katikati. Haya nayaandika kwa ajili yao. Maonyesho yale ni mazuri mno, ila yanataka kuingiwa kwa mlango wake.

Mlango wenyewe ni sikio. Zima picha.

Tafuta rekodi ya sauti kwanza, santuri ukiipata, au nakala yake. Enzi hizo watu wengi hawakuyajua maonyesho kwa macho. Kampuni ya Fleetwood ya Revere, Massachusetts, ilirekodi mashindano na kuyatoa kwenye santuri, na mashabiki wakakaa nazo majira yote ya baridi wakisubiri kiangazi kirudi. Waliyakariri kwa masikio. Nawe fanya hivyo: sikiliza onyesho zima, mwanzo hadi mwisho, siku mbili tatu tofauti, kabla hujaruhusu jicho liseme lolote.

Sasa usikilize nini? Anza na sauti ya baragumu lenyewe. Hadi mwaka 1999 vikosi hivi vilipiga mabaragumu ya ufunguo wa G. Mwaka 2000 kanuni ikafunguliwa, shaba ya ufunguo wowote ikaruhusiwa, na vikosi vikahamia kwenye ala zinazofanana na za bendi nyingine. Ala za G zilikuwa na ukali wake, sauti pana yenye makali pembeni, na zikipigwa kwa nguvu chodi (noti kadhaa kwa pamoja) huja na kishindo ambacho ala za sasa, kwa usafi wake wote, hazikitoi kwa namna ile. Besi za G hasa. Weka spika nzuri au vipokea sauti vya kichwani, maana kwenye simu utapoteza nusu ya jambo.

Halafu tenga rekodi zako kwa vipindi vya valvu, yaani vitufe vya ala vinavyobadilisha noti. Hili ndilo litakalokufungulia kila kitu. Kabla ya 1977 baragumu lilikuwa na valvu moja iliyolala, inayobanwa kwa kidole gumba, pamoja na rota, valvu ya kuzunguka, ya mkono wa pili. Kuna noti ambazo ala ile ilizitoa kwa taabu, na nyingine haikuzitoa kabisa. Mpangaji wa muziki alilazimika kuzikwepa, au kuugawa mstari mmoja wa wimbo kwa sauti mbili tatu ili kila mmoja apige anachoweza. Kuanzia 1977 zikaruhusiwa valvu mbili za kusimama. Valvu ya tatu ilikuja 1990. Chukua kikosi kimoja ukifuate katika vipindi vyote. Mimi hupendekeza Santa Clara Vanguard wa California kwa sababu walikuwa hodari muda wote: walitwaa ubingwa 1973, 1974, 1978, 1981, 1989 na tena 1999, safari hii wakiugawana na kikosi kingine, Blue Devils. Sikiliza 1974, kisha 1978, kisha 1989. Utasikia vidole vikifunguliwa.

Kipindi changu mimi ni cha valvu mbili, 1977 hadi 1989, na sitaficha upendeleo huo. Ala ilikuwa na uhuru wa kutosha kuimba, na bado ilikuwa na ugumu wa kutosha kumlazimisha mpigaji aikabili kwa pumzi na mdomo. Mume wangu akisikiliza rekodi ya miaka hiyo, kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia hucheza juu ya mkono wa kiti. Viwili tu. Kidole cha tatu kimetulia, hakina kazi. Hata hatambui kwamba anafanya hivyo, nami simwambii, nisije nikaviharibu.

Usikilizaji wa pili uwe wa ngoma peke yake. Snea (ngoma ndogo zenye nyuzi chini) za miaka ya 70 zilikuwa na ngozi za plastiki, zimekazwa kiasi, sauti yake nene na ya chini kuliko unayoijua. Baadaye, kuelekea mwisho wa miaka ya 80, ngozi za Kevlar, nyuzi imara za kiwandani, ziliruhusu kukaza ngoma sana, ndipo ikaja ile sauti kavu ya juu ambayo kijana wa leo anaiona ya kawaida. Usiseme ile ya kwanza ni legelege. Ndani yake kuna mviringo unaoungana na shaba badala ya kuikata.

Na kuna timpani, ngoma kubwa za umbo la bakuli zinazokazwa kwa noti. Hapa naomba utulie kidogo. Katika miaka ya 70 vyombo vyote vilibebwa mwilini, zilofoni na timpani zikiwemo. Kila mpigaji wa timpani alijifunga moja kifuani, na kila moja ilikuwa imekazwa kwa noti yake. Kwa hiyo mstari mmoja wa timpani uligawanyika kati ya watu kadhaa wanaotembea bega kwa bega, huyu anapiga noti yake, mwenzake anajibu, wa tatu anamalizia, na wote miguu inahesabu hatua. Ukiwa na rekodi nzuri ya stirio utaisikia sauti ikihama kutoka upande mmoja wa uwanja hadi wa pili. Mapema miaka ya 80 kanuni ikaruhusu vyombo hivyo kuwekwa chini mbele ya uwanja. Muziki ulitajirika kwa hilo, sikatai. Lakini ile timpani inayotembea haijarudi.

Ukishashiba sauti, sasa washa picha. Lakini uyajue mambo mawili kwanza, la sivyo utaona ubaya pasipo na ubaya.

La kwanza ni tiki. Hadi msimu wa 1983 waamuzi walitembea uwanjani katikati ya vijana, karatasi mkononi, wakihesabu makosa. Mguu mmoja usio wake, bendera iliyochelewa, pigo moja la snea lililotoka nje: kila kosa lilikata sehemu ya kumi ya alama. Sasa fikiria wewe ni mwalimu wa kikosi chini ya kanuni hiyo. Utataka mistari iliyonyooka, kwa kuwa mstari ulionyooka unaweza kufanywa bila kosa, na ukifanywa bila kosa hakuna anayeweza kubisha. Ile mistari uliyoiona ya kuchosha ilikuwa ni watu 128 wanaokataa kutoa sehemu ya kumi. Ukiitazama hivyo, misuli ya shingo yako itakaza.

La pili ni mpangilio. Onyesho la miaka ya 70 lilianzia kwenye mstari wa goli upande mmoja wa uwanja, kikosi kikaingia kwa kishindo, kikafika katikati, na hapo kikasimama. Wimbo mzima hupigwa kwa kusimama tu. Vijana huruka sehemu hii kwa sababu hakuna kinachotembea. Usiiruke! Hapo ndipo kikosi kilipoweka muziki wake wa dhati, bila miguu, bila kutetemeka pumzi. Phantom Regiment wa Rockford, Illinois, ndio watakaokushawishi zaidi: walichukua muziki wa okestra wakaupiga kwa baragumu, wakamaliza wa pili 1977, 1978 na 1979 mfululizo, na ubingwa wao wa kwanza haukuja hadi 1996, nao waliugawana na Blue Devils.

Ukitoka hapo nenda moja kwa moja kwa Garfield Cadets wa 1983. Mchoraji wao wa gwaride, George Zingali, aliivunja ile mistari. Maumbo yakawa ya kupinda, yakageuka mengine kabla hujayataja. Walishinda 1983, 1984 na 1985, kikosi cha kwanza kushinda mara tatu mfululizo tangu mashindano ya DCI (Drum Corps International, chama cha vikosi hivi) yaanze 1972 kule Whitewater, Wisconsin. Kwa hili utahitaji picha iliyopigwa kutoka juu jukwaani. Mikanda mingi iliyopo ni ya matangazo ya PBS, televisheni ya umma ya Marekani, na muongozaji alipenda nyuso: umbo linajifunga, yeye anatuonyesha jasho la mpiga baragumu. Ukipata mkanda wa kamera moja ya juu, hata kama ni hafifu, huo ndio wa gwaride. Ule wa televisheni utunze kwa ajili ya nyuso.

Video rasmi nyingine zina sehemu ambazo muziki umeondolewa kwa sababu za hakimiliki. Usidhani nakala yako ni mbovu. Rudi kwenye santuri.

Mashindano ya 1993, Jackson, Mississippi, nayaweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa bado yanagombanisha watu mezani kwangu. Kikosi cha Star of Indiana kilikuja na watunzi Barber na Bartók, muziki mkavu, miili ikisogea kwa namna ambayo wengi majukwaani hawakuwa tayari nayo. Cadets, walewale wa Garfield, walishinda kwa alama 97.4 dhidi ya 97.3. Baada ya msimu ule Star waliacha mashindano kabisa. Yatazame maonyesho yote mawili jioni moja bila kusoma maoni ya mtu. Mimi niko upande wa Star, mume wangu yuko upande wa Cadets, na hatujasogea.

Ukimfahamu mtu aliyewahi kupiga, sikiliza naye angalau onyesho lake moja. Usimuulize "ilikuwaje?" Swali hilo humfunga mtu mdomo. Muulize alisimama yadi ya ngapi mwanzo wa wimbo wa pili. Nani alikuwa kushoto kwake. Viatu vilikuwa vya rangi gani. Kipi kilikuwa kigumu, na mwalimu alipiga kelele gani mahali hapo. Kikomo cha umri kilikuwa miaka 21, kwa hiyo fainali ya mwaka fulani ilikuwa ya mwisho kabisa ya maisha yake uwanjani. Ukimwona ananyamaza kwenye chodi ya mwisho, mwache. Weka simu ikirekodi, kwa idhini yake. 27th Lancers hawapo, Bridgemen wa Bayonne na makoti yao marefu ya manjano hawapo, na Cadets wenyewe, walioanzishwa 1934, walifunga milango 2024. Wanaokumbuka bado wapo, na wanazeeka.

Kaseti na mikanda ya VHS igeuze kuwa ya dijitali mapema, kwani utepe huoza hata ukiwa kabatini. Kila faili liandike jina la kikosi, mwaka, mji, na kama ni mchujo au fainali. Onyesho la Juni na la Agosti la kikosi kilekile hayafanani: nyimbo hubadilishwa njiani, miisho huandikwa upya, na kasi hupanda. Ukibahatika kupata yote mawili ya mwaka mmoja, sikiliza la Juni kwanza.