Somo kwa wanaoanza: ubao na kasia kwenye Ghuba ya Winam

Wengi hununua ubao wa kusimama na kupiga kasia kwanza, habari za Ziwa Victoria wakaziuliza baadaye. Somo hili ni la anayeanzia Dunga au ufuo wowote wa karibu na Kisumu, na kuogelea anajua.

1. Piga hodi. Waone viongozi wa BMU (kikundi kinachosimamia ufuo na uvuvi) ya ufuo huo, uulize nyavu zimetegwa wapi na viboko wameonekana upande gani. Wavuvi waliorudi alfajiri wanajua kuliko simu yako.

2. Chagua saa. Ingia jua likishachomoza vizuri, maana viboko hurudi majini kutoka malishoni kunapopambazuka. Toka kabla ya adhuhuri. Mchana upepo wa ziwani huamka, na mara nyingi radi hufuata. Ukisikia ngurumo toka, na usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ile ya mwisho.

3. Soma upepo. Hapa ndipo wageni huponzwa. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, kwa hiyo maji ya ufuoni hutulia huku ukisukumwa mbali polepole. Utajiona hodari, kumbe ni upepo! Anza kwa kwenda kinyume chake, au ufuate ukingo, ungali na nguvu. Geuka mara kwa mara uangalie ufuo. Upepo ukikaza, piga magoti. Ukizidi, lala kifudifudi, kasia ulilalie, upige maji kwa mikono.

4. Vaa jaketi la kuokoa maisha na ulifunge. Kamba ya ubao ifungwe kiunoni, kwa kifungo kinachofunguka ukivuta mara moja. Ya mguuni ikinaswa kwenye wavu huifikii. Ukianguka, usiuache ubao. Unaelea, na unaonekana kwa mbali kuliko kichwa chako.

5. Mpishe mvuvi. Yeye yuko kazini, wewe umekuja kucheza. Chupa za plastiki zilizojipanga mstari ni maboya ya wavu: zunguka mwisho wake. Kwenye mafunjo usisogee, ndiko viboko hujificha.

Maswali ya wanachama

Sijui kuogelea, jaketi halitoshi?
Halitoshi, ndugu yangu. Jifunze kwenye bwawa kwanza.

Na kichocho?
Kipo. Vimelea hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi na kupenya ngozi, hata usipoyanywa maji. Usizubae kwenye majani ya ukingoni, jikaushe kwa taulo mara utokapo, kisha ukapimwe baada ya wiki 6 hadi 8. Dawa yake, prazikwanteli, ipo.

Magugu maji yakinizingira je?
Usishuke kuyakanyaga, hayabebi mtu. Lala juu ya ubao, ujivute kuelekea penye maji wazi, na ukikwama piga simu kwa BMU. Simu ikae kwenye mfuko usioingia maji, shingoni.

Mimi niko Nakuru. Naweza kujaribia ziwa letu?
Hapana, lile limo ndani ya mbuga ya taifa. Njoo Kisumu.