Albamu ya kwanza: vile unaweza kuchanganya ngoma za asili na muziki wa saa hii bila kuziharibu

Usianze na biti. Najua produsa wako ashafungua laptop na drams ziko tayari, mwambie atulie kwanza, juu ukiweka biti halafu uite mzee wa nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Waluo, apige juu yake, atabaki kufukuzana na kompyuta na ule mwendo wake utakufa hapo hapo. Rekodi mzee kwanza, wimbo mzima, bila kitu inamhesabia kwa masikio. Biti itamfuata baadaye.

Ukitaka kuskia vile inafanywa, enda uskize watu wa Wales. Bendi ya 9Bach walitoa albamu yao ya kwanza 2009, imejaa nyimbo za zamani za Kiwelshi zikiwa na gitaa na mpangilio wa kisasa, na bado unaskia ni sauti ya mwimbaji ndio inaongoza. Halafu kuna Catrin Finch, anapiga kinubi, 2013 alitoa albamu na Seckou Keita wa Senegal kwa kora, chombo cha nyuzi cha Afrika Magharibi, na hakuna anayemfunika mwenzake. Hao watu wako na chombo cha zamani kinaitwa crwth, nyuzi 6, kinapigwa na upinde, na ukikiangalia vizuri ni ndugu ya nyatiti yetu ya nyuzi 8, sema tu sisi tunachuna na vidole.

Sasa maiki, na hapa ndio studio nyingi za Nairobi hukosea. Nyatiti si nyuzi peke yake. Mpigaji amefunga gara, zile njuga, mguuni na kwa kidole gumba cha mguu ako na oduong'o, ile pete ya chuma anagonga nayo mti wa nyatiti. Kwa hivyo weka maiki moja karibu na ngozi na ingine chini kabisa kwa mguu. Ukifanya hivyo vizuri unaweza pata hata kick, ile dram nzito ya chini, ya kompyuta hauihitaji, na mimi naona ni afadhali hivyo.

Kinanda kikigombana na nyuzi, usimwambie mzee akaze nyuzi, amezifunga kulingana na sauti yake. Sogeza kinanda kwa programu, na kama kuna noti bado inakataa, itoe tu.

Mambo ya pesa: mlipe siku ya kurekodi, jina lake liandikwe, na mkubaliane kwa karatasi. Kuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, inataka jamii ikubali kabla hujatumia vitu vyao. Wimbo wa zamani usio na mtunzi anayejulikana ni kitu moja, lakini rekodi ya mtu ni ya mtu, usikate kipande YouTube.

Ukimaliza kumiksi, omba makanga mmoja akuwekee hiyo ngoma kwa matatu ikiwa stejini. Besi ikimeza nyatiti, rudi studio ushushe besi.