Kiwanja cha kwanza Pemba: wakague watu kabla ya udongo

Msimu wa karafuu ukimalizika, hapa Wete husikii ila habari za viwanja. Fulani kalipwa fedha zake ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, kesho yake katoa arbuni, malipo ya mwanzo ya kiwanja. Namfurahia, lakini roho hainitulii mpaka nijue kauliza nini kabla ya kutoa. Mimi ni fundi cherehani. Vyumba vyangu vya kupangisha nimevijenga kidogo kidogo kwa fedha za sare za skuli, na vijana wengi hunijia wakitaka kujua waanzie wapi. Nawaambia: usitazame mteremko wala barabara kwanza. Tazama nani na nani wana haki pale.

Jua kwanza unachonunua. Zanzibar ardhi ni mali ya umma chini ya Serikali, na Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992 inampa Mzanzibari haki ya matumizi. Unachouziwa ni haki hiyo, pamoja na kilichojengwa na kilichopandwa. Ikiwa eneo limetoka kwenye eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, zidisha uangalifu. Eka zile walipewa watu walime, kwa hivyo kabla ya kukatiwa kipande cha kujengea, nenda Kamisheni ya Ardhi ukaulize kama panaruhusiwa kujengwa na kama mgao huo unakubalika.

Kisha mirathi, na hapa ndipo ninapotaka ukae sana. Muuzaji akisema "hili la marehemu baba", muulize marehemu kaacha nani. Mjane ana thumni yake ikiwa mumewe kaacha watoto. Mabinti walioolewa Unguja wana mafungu yao, hata kama hawajatia mguu shambani miaka mingi. Kaka mkubwa kushika jembe hakumfanyi kuwa mwenye mali. Omba uone mgawanyo wa mahakama ya kadhi. Kama haupo, basi warithi wote wakubali kwa maandishi, na aliye mbali atoe hati ya uwakala inayotambulika, isiwe sauti ya simu tu. Kukiwa na warithi walioshirikiana, mwenzao ana haki ya shufaa: anaweza kudai anunue yeye kwa bei ileile. Muulizeni mapema, kabla hujachimba msingi.

Nenda pia kwa majirani wa pande zote nne, na uende bila dalali. Mwambie mzee wa pale, "Shikamoo babu, nataka kuwa jirani yenu, mpaka wenu unapita wapi?" Atakutembeza mwenyewe, na njiani utasikia mambo ambayo muuzaji hakukwambia. Uliza na miti ni ya nani. Kwetu mnazi au mkarafuu huweza kuwa na mwenyewe, na ardhi ikawa na mwengine. Mkarafuu haukatwi bila kibali hata ukiwa wako, kwa hiyo ukiwa katikati ya ramani yako, ama utafute kibali ama uigeuze ramani.

Sheha ashuhudie, maana yeye ndiye anayewajua watu wa shehia yake. Lakini saini yake si hati. Mauziano yapite kwenye Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, kiwanja kipimwe na mpima anayetambulika, jina libadilishwe. Fedha zilipwe benki kwa benki. Muuzaji anayekuhimiza "leo leo, kuna mtu anatoka Dar" mwache amuuzie huyo mtu.

Kujenga sitasema mengi, mafundi wapo. Ila vyumba viwili vilivyokamilika, kila kimoja na choo chake, vina faida kuliko boma la vyumba sita linaloota majani. Kila chumba kiwe na mita yake ya Tukuza, ya umeme wa kulipia kabla. Ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia kwenye umeme wa pamoja. Na maji yajaribu saa ya jioni, wakati kila nyumba inateka.

Kabla ya yote hayo, piga hesabu kwenye karatasi. Chukua mfano: vyumba viwili, kodi 60,000 kila kimoja kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,440,000. Toa mwezi mmoja mtupu kwa kila chumba, inabaki 1,320,000. Toa 200,000 za rangi, bomba na bati, unabaki na 1,120,000. Ikiwa kiwanja na ujenzi vimekula milioni 14, fedha yako itarudi baada ya miaka kumi na miwili na nusu. Kama hesabu hiyo inakutisha, punguza ujenzi au tafuta mahali karibu na skuli, hospitali au soko, ambapo watumishi wanaohamishwa hutafuta vyumba. Usiijazilizie kwa mkopo wa riba. Benki zenye huduma za kiislamu zipo, kama PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, wana huduma hiyo kwa jina la Ikhlas. Kaa nao wakueleze gharama yote mpaka shilingi ya mwisho.

Mpangaji akija, andikianeni: jina, kodi, tarehe ya kulipa, notisi ya kuhama, nani anatengeneza nini. Nakala mbili, shahidi mmoja kila upande. Andikianeni hata akiwa mtoto wa shangazi yako. Yeye hasa.