Kabla hujachagua rangi na mtindo wa stendi ya tangi la samaki, kwa sie wa Tanga

Jamani, rangi ya stendi ya tangi la samaki unaichagua mara moja tu, hilo ndo nataka mtu alijue kabla hajaenda kwa fundi. Kitanda ukiichoka rangi yake unakitoa uani unakipaka upya, kabati vilevile, lakini tangi likishajaa maji na samaki wamo huliinui tena, na ukisema upake hapohapo sebuleni unawaua, maana pampu inavuta hewa ya chumba na ule mvuke wa rangi na thina unaenda moja kwa moja kwenye maji.

Sasa kabla ya rangi, uzito. Tangi la sentimita 90 kwa 40 kwa 45 linabeba lita 162, na lita moja ya maji ni kilo moja, kioo cha milimita 8 kinakupa kama kilo 30 nyingine, ongeza kokoto na mawe unavuka kilo 200, yani mifuko minne ya simenti imekaa juu ya stendi usiku na mchana. Kwa hiyo ile mitindo ya miguu myembamba iliyotanuka kama ya meza ya kahawa achana nayo, hata kama picha yake imekukaa moyoni.

Alafu kuna kudeki. Hili watu hawalifikirii kabisa na mi ndo lilinitia hasara. Stendi yangu ya kwanza ilikua kabati la MDF, yani ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, jeupe, linang'aa, limependeza kweli, na hapa kwetu nyumba inadekiwa kwa ndoo ya maji kila asubuhi. Miezi michache tu ule ubao wa chini ukaanza kuvimba kama mkate ulioloweshwa chai, karatasi nyeupe ikabanduka pembeni, milango ikawa haifungi, na juu yake tangi limejaa. Niliteka maji kwa ndoo usiku mzima nikihamisha samaki kwenye beseni. Kwa hiyo chochote utakachochagua kiwe na miguu inayokiinua hata sentimita 10 kutoka sakafuni, na chini ya kila mguu weka raba.

Ukitaka chuma, skwea paipu, yani bomba la pembe nne, ni nzuri na mafundi wa kuchomelea tunao, ila hewa ya bahari haina huruma, hasa ukiwa unakaa upande wa Raskazone. Kutu inaanzia kwenye maungio. Mwambie fundi asage maungio vizuri, azibe midomo ya paipu zote, apake redi oksaidi, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, kwanza ndo rangi ya mafuta juu yake, na we uwepo pale ukiangalia, maana redi oksaidi ikirukwa huwezi kujua mpaka rangi ianze kubabuka. Rangi nyeupe kwenye chuma mi siishauri, tone moja la kutu linachora mstari wa kahawia mpaka chini na hautoki.

Mbao ndo mapenzi yangu. Mkoa wetu una mitiki ya Longuza kule Muheza, na mtiki unavumilia maji kuliko mbao nyingi, ukiupaka vanishi tu unabaki na ile kahawia yake ya asili, na kahawia inaficha vumbi na matone. Wanaopenda nakshi kama za milango ya kizamani ya Bagamoyo, ziweke kwenye milango ya kabati tu, usizipeleke juu karibu na kioo, maji yanaingia kwenye vile vijishimo hayafutiki.

Nyeusi je? Nyeusi inawatoa samaki vizuri sana, jicho linaenda kwenye maji haliendi kwenye meza, ila kila tone likikauka linaacha alama nyeupe ya chumvichumvi, uwe mtu wa kitambaa mkononi. Kama unaipenda, chukua isiyong'aa sana, maana ya kung'aa taa ya tangi inajirudi kwenye ule ukingo wa mbele na usiku inakera macho. Njia yangu ni hii, mwambie fundi apake kipande cha ubao, kipeleke nyumbani, kiegemeze ukutani pale tangi litakapokaa, kiangalie saa nne asubuhi na ukiangalie tena usiku taa imewaka. Mahali penyewe pasiwe dirishani, jua likipiga maji yanageuka kijani.

Kimo pima ukiwa umekaa kwenye kochi lako, katikati ya kioo pawe usawa wa macho. Na kama ni kabati, nyuma atoboe tundu la nyaya, kila waya uning'inie chini kwanza ndo upande kwenye soketi, ili tone likiteremka lidondoke lisiingie kwenye umeme.

Rangi ikishapakwa iache ikauke mpaka ukiweka pua husikii kitu, hata kama ni wiki mbili. Ndo uweke tangi, chini yake foma, yani sponji nyembamba, ujaze maji bila samaki, ulale. Asubuhi chukua pima maji uweke juu ya ukingo. Ikionyesha limelala upande, toa maji yote kwanza ndo uweke kabari mguuni, usijaribu kuinua likiwa limejaa.