Daktari wa mifupa wa Mtwara au Lindi: mambo ya kuzingatia kabla ya ziara ya mafunzo nje

Anza na chanjo ya homa ya ini B, maana ndiyo inayokula muda kuliko karatasi zote. Dozi ni 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Kisha, mwezi 1 hadi 2 baadaye, unapima kingamwili, na kiwango kinachotakiwa ni 10 mIU/mL au zaidi. Hospitali nyingi za nje huyadai majibu hayo kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Ukingoja mwaliko ndipo uanze, umechelewa.

Hakikisha jina la kwenye pasipoti na lile la usajili wako Baraza la Madaktari Tanganyika yanafanana herufi kwa herufi. Kwa visa ya Schengen (inayotumika nchi nyingi za Ulaya), pasipoti ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko, iwe na kurasa 2 tupu, na bima isipungue euro 30,000. Mtumishi wa umma aombe kibali kwa mwajiri mapema.

Waulize wenyeji kwa maandishi: utasaidia upasuaji au utatazama tu? Marekani, bila leseni ya jimbo husika, utatazama.

Maandalizi yenye uzito zaidi ni visa vya wagonjwa wako utakavyowaonesha wenyeji kwa picha na maelezo. Usiige mada za huko. Peleka kisa cha mvunjiko wa wazi wa muundi wa dereva wa bodaboda aliyetokea kijijini, ukitaja saa aliyoumia, saa alipopata antibiotiki, saa kidonda kiliposafishwa na daraja la Gustilo (kipimo cha ukali wa mvunjiko wa wazi). Kama unatumia msumari wa SIGN (chuma kinachopitishwa ndani ya mfupa), eleza unavyozipata tundu za skrubu bila C-arm, yaani mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji. Hapo wengi watataka kujifunza kwako. Waoneshe na waliopata usaha au mfupa usiounga, kwani mjadala wa kweli huanzia hapo.

Pata ridhaa ya mgonjwa, kisha ufiche jina na namba ya faili. Angalizo: picha ukiikata ndani ya PowerPoint, kipande kilichokatwa hubaki kwenye faili na yeyote anaweza kukirudisha. Ikate kwanza nje, ndipo uiingize.

Wiki 2 za mwisho usipange upasuaji mkubwa usio wa dharura. Mgonjwa mwenye vyuma vya nje vinavyoshikilia mfupa kwa pini aachiwe karatasi yenye tarehe ya eksirei inayofuata, jinsi ya kusafisha pini, na jina la daktari atakayempokea. Nakala ibaki wodini.